Uvimbe wa Chokoleti

Dada yangu ni mwalimu wa udereva. Gari lake lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwake, na hupenda kusema kwamba mume wake ndiye kiumbe pekee duniani ambaye hajawahi kumkanyagia breki. Ana sauti ya kusimamisha lori. Hata askari wa barabarani wakimwona anakuja hurekebisha kofia.

Lakini siku zake zilipofika, kila mwezi, dada hakuwa mtu tena, alikuwa kitu kilichokunjwa. Tulishamkuta amejikunja kwenye kiti cha nyuma cha gari la shule ya udereva, tukamkuta chini ya meza ya jikoni, na safari moja tukamkuta ndani ya kabati la nguo. Alisema mle angalau kulikuwa na giza, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza amekula nini.

Maana swali la nyumbani kwetu lilikuwa ndilo hilo: umekula nini? Mama yetu ana jibu moja kwa maradhi yote yaliyo chini ya shingo na juu ya magoti, nalo ni gesi. Ukimwambia mgongo unauma, ni gesi imepanda. Ukimwambia nyonga, imeshuka. Shangazi, dada yake marehemu baba, yeye aliishikilia sakafu: dada anatembea pekupeku, baridi inapanda kwa nyayo inakwenda kukaa kwenye kizazi. Wawili hawa walikuwa hawaelewani kwa lolote, lakini kwa hili walikubaliana kwamba kosa ni la dada.

Hospitali napo alishapita. Daktari wa kwanza alisema ni kawaida ya wanawake. Wa pili alisema ni kidole tumbo, wakakitoa, na maumivu yakabaki palepale, sasa yakiwa na nafasi zaidi ya kujinyoosha. Wa tatu akamuuliza kama ana mawazo.

"Nilikuwa sina," dada alimjibu, "lakini nimeanza kuwa nayo hapa hapa."

Baada ya hapo hakwenda tena kokote. Alimeza vidonge vya kutuliza maumivu, akauma mto, na zikipita siku zake akarudi barabarani kufokea watu.

Ilikuwa hivyo mpaka siku ile alipokuwa na jaji.

Jaji alikuwa mzee mstaafu, mwanafunzi mgumu kuliko wote. Maisha yake yote ya kazi alikuwa ameendeshwa, ameketi nyuma na mafaili mapajani. Alipostaafu, gari la kazi liliondoka pamoja na dereva wake, naye akagundua kwamba hajui hata mlango wa mbele unafunguliwa vipi. Watoto wake wakamnunulia gari dogo na kumleta kwa dada. Alikuwa mwanafunzi mwenye adabu sana. Kabla ya kukata kona alitaka kusikiliza pande zote mbili. Taa ya njano ikiwaka alisimama kuitafakari. Kwa muda wote huo walikuwa wamefika gia ya pili.

Mimi nashona mapazia, na siku hiyo nilikuwa nimeomba lifti kiti cha nyuma, nimebanwa na furushi la mapazia ya mteja. Tulikuwa tumeingia kwenye mzunguko mkubwa wa barabara dada aliponyamaza ghafla katikati ya neno. Nikaona shingo yake imetoa jasho. Akajishika tumbo kwa mikono miwili, akainama mpaka paji la uso likagusa kisanduku cha mbele.

"Mheshimiwa," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, "nipeleke hospitali."

"Mwalimu," jaji akajibu huku ameng'ang'ania usukani, "hatujafika somo la hospitali."

"Nenda tu!"

Akaenda. Tatizo ni kwamba alikwenda kwa kuzunguka, kwa sababu kutoka kwenye mzunguko kulihitaji mtu wa kumpisha, naye hakuwa mtu wa kuingilia haki ya mwingine. Tulizunguka mpaka muuza magazeti aliyesimama pale kati akaanza kutupungia mkono kama jamaa zake. Dada alikuwa akifundisha na kugumia kwa pamoja: "Indiketa... uuuh... kushoto, Mheshimiwa, kushoto... mama yangu we... siyo waipa, hiyo ni waipa!" Waipa zilifuta kioo kikavu, kwiii, kwiii, na dada akagumia kwa mapigo yaleyale.

"Mheshimiwa," nikasema kutoka nyuma, "toka tu, watasimama wenyewe."

"Kwa kifungu gani?"

"Cha dharura!"

Hilo alilielewa. Akafumba macho, kusema kweli nilimwona kwenye kioo, akakanyaga mafuta tukatoka. Magari yote yalisimama, na dereva mmoja wa lori akamtolea neno ambalo jaji aliliomba radhi kwa niaba yake.

Hospitali kubwa tuliipita. Niliiona ikija, nikaiona ikienda.

"Mheshimiwa, ile ndiyo hospitali!"

"Nimeiona," alisema bila kugeuza kichwa. "Ila pale magari yanaegeshwa kwa kurudi nyuma, nami kurudi nyuma bado sijafundishwa."

Mbele kidogo palikuwa na uwanja wazi ambao mtu angeweza kuuingia kwa pua ya gari. Akauingia. Gari likazimika lenyewe mbele ya mlango uliokuwa na bango la jino kubwa, lenye macho na miguu, likitabasamu. Tulikuwa tumefika kwa daktari wa meno.

Dada aliinua kichwa, akalitazama lile jino, akacheka kicheko kimoja kilichogeuka kilio. Hakuwa na nguvu ya kurudi garini. Tulimshika huku na huku tukamwingiza.

"Anaumwa jino lipi?" aliuliza binti wa mapokezi.

"Maumivu yako chini kidogo ya meno," jaji akasema.

Daktari wa meno alikuwa mama mnene mwenye glavu, akatokea mlangoni kuona ni nani anayelia kabla hajaguswa. Alimtazama dada mara moja tu, akaamuru alazwe kwenye kiti chake cha kazi, kile kinacholala chenyewe, akakishusha polepole na kuizima ile taa kali ya juu. Kisha akavuta kigoda akakaa karibu na kichwa chake.

"Uko kwenye siku zako?"

"Ndiyo."

"Na kila zikija huwa hivi?"

"Kila zikija. Tangu nasoma."

"Choo je? Siku hizo, ukienda chooni, kinauma?"

Dada alifumbua macho. "Kama kisu," akasema.

"Kuna mtu amewahi kukuuliza hilo?"

Hapo dada alilia kwa namna nyingine. Alilia kama mtu aliyetembea nchi ya ugenini miaka mingi halafu akasikia lugha yake inasemwa dirishani.

"Sikiliza," yule daktari akasema. "Mimi ni wa meno. Huko chini sina ruhusa ya kukupa jina la ugonjwa, na nikikupa usinisikilize. Lakini maumivu ya kumwangusha mtu kila mwezi siyo kawaida. Kuna mwenzangu niliyesoma naye, ni bingwa wa magonjwa ya wanawake. Nampigia sasa hivi."

Alimuuliza kama ana vidonda vya tumbo na kama kuna dawa inayomdhuru, akampa vidonge na maji, akampigia yule mwenzake. Dada alipumzika pale hadi rangi ikamrudia. Ndipo tulipomkumbuka jaji. Kumbe wakati tunahangaika, msaidizi wa pale alimkuta amekaa sebuleni kistaarabu, akamwambia karibu baba, naye kwa heshima akakaribia. Alitoka chumba cha pili shavu moja limekufa ganzi na jino limezibwa.

"Kwa nini hukukataa?" nikamuuliza.

"Fikutaka kubifana," akasema. "Halafu kweli lilikuwa na tundu."

Kwa yule bingwa tulikwenda ukoo mzima. Dada alitaka kwenda na mumewe na mimi, lakini mama akasikia, na mama akisikia Shangazi naye amesikia. Bingwa alikuwa mwanamume mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya chini kama anayeongea na mtoto aliyelala. Aliuliza siku zinadumu vipi, damu ikoje, maumivu yanaanza kabla au baada. Yote yalikwenda vizuri hadi aliposema jambo ambalo halikusikika.

"Sema kwa sauti, daktari!" Shangazi akasema.

"Nauliza kama kuna maumivu wakati wa tendo la ndoa."

Shemeji yangu, ambaye ni fundi wa friji, aligeuka akaanza kukagua kiyoyozi cha ukutani. Mama alifunga mkoba wake ambao ulikuwa umeshafungwa.

"Nadhani," bingwa akasema kwa upole, "niongee na mgonjwa peke yake."

"Mimi sijawahi kutolewa chumbani tangu nizaliwe," Shangazi akatangaza.

"Basi leo, Shangazi, utakuwa umeonja," dada akasema kwa ile sauti yake ya barabarani, na wote wakatoka. Mimi aliniomba nibaki nimshike mkono.

Alijibu kila kitu. Ndiyo, tendo la ndoa lilikuwa linauma, ndani kabisa, na walikuwa wanakwepana na mumewe kama wapangaji wanaodaiwa kodi. Ndiyo, walikuwa wamejaribu kupata mtoto, bado. Bingwa alimpima taratibu, kila hatua akimwambia kwanza anataka kufanya nini, kisha akampitisha kwenye ultrasaundi. Akatugeuzia ile skrini. Kwenye ovari ya kushoto palikuwa na kitu cha mviringo, cha kijivu, kama dimbwi lenye ukungu.

"Nikianza na maelezo yako peke yake," akasema, "tayari nilikuwa na wazo. Hata kama picha hii ingetoka safi nisingekurudisha nyumbani, kwa sababu wengi wanao ugonjwa huu na picha zao ni safi. Wako umejionyesha. Unaitwa endometriosisi."

Alichukua kalamu akachora mfuko wa uzazi. Ndani yake, alisema, kuna utando. Kila mwezi utando huo hujijenga ukimsubiri mgeni, na mgeni asipokuja humomonyoka ukatoka, ndiyo hedhi. Kwa wengine utando unaofanana na huo huota nje ya mfuko: juu ya ovari, nyuma ya kizazi, hata kwenye utumbo. Nao hufuata kalenda ileile. Huvimba, huvuja damu, ila hauna mlango wa kutokea. Basi huchoma, huacha makovu, na makovu hunatisha viungo vilivyotakiwa kuteleza.

"Kwa hiyo sijidekezi," dada akasema.

"Hujidekezi. Hata kidogo."

Dada alikubali wengine waitwe waelezwe. Bingwa alifungua mlango bila kubisha hodi, maana ulikuwa mlango wake, na Shangazi akaingia kwa bega, kwa kuwa alikuwa ameuegemea kwa sikio.

"Endo-nini?" mama akauliza baada ya maelezo.

"Mita," Shangazi akamtafsiria. "Ana mita tumboni."

"Ya maji au ya umeme?"

Bingwa akavumilia, akarudia yote. Kisha akafanya kosa lake moja la siku hiyo. Akasema kwamba ule uvimbe wa kwenye ovari umejaa damu ya zamani, nzito, ya kahawia, ndiyo maana madaktari huuita uvimbe wa chokoleti.

Sijui alisema nini tena baada ya hapo, kwa sababu macho ya Shangazi yalikuwa yamemtoka pima.

Tulipofika nyumbani kwa dada, Shangazi hakukaa. Aliingia jikoni na kufagia. Zilikwenda biskuti, ukaenda unga wa kakao, ikaenda keki ambayo shemeji alikuwa ameificha nyuma ya sufuria. Dawa ya viatu nayo ilikwenda, kwa kuwa ilikuwa ya kahawia na hakutaka kubahatisha. Dada alimweleza kwamba ni jina tu, kwamba chokoleti haihusiki, kwamba mtu akisema rangi ya chungwa hamaanishi tunda. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza: "Sasa iliingiaje?"

Ubishi mkubwa haukuwa wa chokoleti, ulikuwa wa dawa. Bingwa alikuwa amempa dada njia zake: vidonge vya maumivu vianze mapema, maumivu yasisubiriwe yakomae, vidonge vya homoni vya kuutuliza ule utando, ambavyo pia huzuia mimba, au upasuaji wa matundu madogo, kamera iingizwe kitovuni, waondoe walichokiona na kipande kipelekwe maabara kuthibitisha. Alimweleza pia kwamba kuutoa uvimbe kwenye ovari kunaweza kupunguza mayai, kwa hiyo afikirie vizuri. Akamwambia wazi kwamba ugonjwa huu hudhibitiwa, bado hauna dawa ya kuufuta, na unaweza kurudi. Dada alitaka kufikiri. Kufikiri katika ukoo wetu ni kazi ya kikundi, basi kikao kikaitishwa.

Jaji alikuja kumjulia hali siku hiyo hiyo ya kikao, mchana, amebeba mfuko wa machungwa. Alikuwa amekuja kwa miguu. Shangazi alipomwona mlangoni alipiga makofi.

"Mheshimiwa! Umeletwa na Mungu. Hebu keti hapa, uamue."

Nilimwona mzee yule akibadilika. Uti wa mgongo ulinyooka, miwani ikashuka puani, na kiti cha sebuleni kikawa kirefu. "Upande wa kwanza," akasema.

Shangazi alisimama. "Huyu anatafuta mtoto. Daktari anataka kumpa vidonge vya kuzuia mtoto. Mwenye njaa anapewa kufuli afunge jiko! Mimi nasema azae, ugonjwa utaondoka wenyewe."

"Mimba siyo dawa, Shangazi," dada akasema. "Daktari amesema wengine hupata nafuu, halafu yanarudi. Tena mtu aliyejikunja kabatini hiyo mimba ataipataje?"

Shemeji akakohoa.

"Kikohozi kimesikika," jaji akasema. "Mume ana la kusema?"

Shemeji alisimama, akajifuta viganja kwenye suruali. "Mimi nimeielewa kwa kazi yangu, Mheshimiwa. Barafu inatakiwa iwe ndani ya friza. Kwa mke wangu imeganda nje, nyuma kule kwenye mabomba. Inayeyuka, inaganda tena, mpaka mabomba yameshikana. Sasa unaweza kuizimisha mashine ipumzike, barafu isiongezeke. Unaweza kufungua nyuma ukakwangua. Unaweza kufanya vyote. Ila huwezi kuisimamia friji ukaiambia ijikaze."

Dada alimgeukia. "Umeniita friji?"

"Friji nzuri," shemeji akasema haraka. "Ya milango miwili."

Ikaja zamu ya mama. Mama alisema kwa ufupi kwamba ni gesi, tangawizi ingetosha.

"Shahidi amejuaje kuwa ni gesi?" jaji akauliza.

"Kwa sababu naijua. Hata mimi nilikuwa nayo."

"Shahidi alikuwa nayo wapi?"

"Hapa." Mama alijigusa chini ya kitovu. "Ilinibana hivyo hivyo. Nilikuwa najifunga kanga kwa nguvu nikaenda kuteka maji huku naona nyota mchana. Mama yangu akaniambia ni gesi, nivumilie."

"Ilikuwa inakuja lini?"

"Kila mwezi."

"Na iliisha lini?"

 Mama akaitazama mikono yake. 

"Ilipokoma hedhi," mama akasema polepole.

Hakuna aliyecheka. Jaji alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Shahidi anaweza kukaa," akasema kwa upole. Lakini mama hakukaa. Alivuka zulia, akaenda kukaa ubavuni mwa dada, akamshika kichwa na kukiegemeza begani kwake kama alivyokuwa akifanya tukiwa wadogo. "Mimi nilidhani ndivyo ilivyo kwa kila mtu," akamwambia. "Nilidhani wenzetu wanajikaza zaidi yangu tu."

"Hukumu, Mheshimiwa," Shangazi akasema, lakini sauti ilikuwa imemshuka.

Jaji akakohoa. "Nimesikiliza pande zote. Mahakama hii imejichunguza na kuona kwamba haina mamlaka yoyote juu ya tumbo la mtu mwingine. Wala Shangazi hana. Wala fundi wa friji. Mwenye tumbo aamue, wengine tumpikie."

Dada alijifuta uso. Alisema anataka upasuaji, ameshaelewa hatari zake. Baadaye atakunywa vidonge mpaka siku yeye na mumewe watakapokuwa tayari kutafuta mtoto, kwa sababu kwa sasa anachotaka kuliko vyote ni kumaliza somo moja la udereva akiwa ameketi wima.

"Na nataka chokoleti," akaongeza. "Leo."

Shangazi ndiye aliyekwenda dukani. Alirudi nayo ameishika kwa ncha za vidole, kama panya.

Upasuaji ulifanyika asubuhi, na sisi tulikaa kwenye benchi la ukumbini, mama akisoma vibao vya ukutani kwa sauti hadi akavimaliza akaanza upya. Shemeji alikuwa amekwenda mara kadhaa kusikiliza mashine ya maji baridi iliyokuwa ikinguruma vibaya, na mwishowe akaitengeneza. Bingwa alitoka akiwa bado na kofia ya kitambaa. Akasema uvimbe umetoka. Nyuma ya kizazi walikuta mabaka mengi, na utumbo ulikuwa umenata sehemu moja, wameuachanisha. Aliposema "ulikuwa umenata" niliona shemeji anakunja ngumi na kuinong'oneza sakafu: "Mabomba."

Dada alipozinduka jambo la kwanza alilolalamikia halikuwa tumbo.

"Bega," akasema. "Bega linaniuma sana. Wamenifanya nini bega?"

Muuguzi akamtuliza. Alieleza kwamba wakati wa upasuaji wa namna hii tumbo hujazwa hewa ili kamera ione, na ile inayobaki husumbua, na maumivu yake husikika begani. Itaondoka yenyewe.

Mama aliinuka kwenye kiti chake taratibu kama mtu anayeitwa jina lake kwenye sherehe. "Hiyo hewa," akasema, "jina lake jingine ni nini?"

"Ni gesi tu, mama."

Sitaisahau sura ile. Mama alitoka wodini, akatafuta watu. Alimwambia mfagiaji. Alimwambia mtu wa ulinzi. Bingwa alipopita alimzuia kwa mkono. "Daktari, mwanangu ana nini begani?"

"Gesi, mama," bingwa akakiri.

Mama akaushika mkono wake akautikisa kwa mikono yote miwili, akiwa amesahau kabisa kwamba gesi hiyo waliitia wao.

Majibu ya maabara yalikuja yakathibitisha. Dada alianza vidonge, na mwanzoni vilimvuruga: alilia akiona tangazo la sabuni, akamfokea mkuu wa shule ya udereva akamwacha anatafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Bingwa akambadilishia aina nyingine, ikamkubali. Maumivu hayakukimbia yote. Kuna siku bado hushikwa, hukaa pembeni na mfuko wa maji ya moto, humeza dawa yake mapema, na kesho yake yuko kazini. Lakini kabatini hakurudi tena. Yeye na mumewe nao waliacha kukwepana, jambo nililolijua kwa sababu nilikwenda kwao bila taarifa na wakachelewa mno kunifungulia.

Aliyebadilika kuliko dada ni mama.

Tulimsindikiza dada kliniki ya marudio, mimi na mama. Ukumbi wa kusubiri ulikuwa wa magonjwa yote, watu wamepangana kwenye viti vya plastiki. Mama hakupoteza muda. Alihama kiti hadi kiti kama mtu wa sensa. Alimwuliza binti mmoja wa chuo siku zake zikoje, tena akamwuliza na habari za choo, kwa sauti ya kufika dirisha la dawa. Binti alitamani ardhi ipasuke. Lakini mama alikuwa ameshamkalia ubavuni, na baada ya muda niliwaona wanaongea vichwa vimegusana, binti akihesabu kitu kwa vidole, mama akitikisa kichwa na kumwonyesha mlango wa bingwa.

Dada aliwatazama kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Mama akamalizana naye, akahamia kiti kilichofuata. Kando yake alikuwa ameketi mwanamume wa makamo, amejishika tumbo, amekunja uso.

"Pole, baba," mama akasema. "Inauma?"

"Inauma, mama."

"Inakuja kila mwezi?"

Yule bwana alifikiri kwa dhati. "Kila mwezi, mama, kwangu unakuja mshahara tu. Na wenyewe hauumi, unapita."

"Basi wewe," mama akasema, akimpigapiga goti kwa huruma kubwa, "ni gesi."